Ini la Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Juni 1966

Wagonjwa wengi tangu asubuhi. Malaria, malaria, kikohozi, mtoto aliyemeza kitufe, malaria. Mchimba dhahabu wa Masara kaletwa na kidole kilichopondwa na jiwe. Nimekishona. Akaniuliza kama kesho ataweza kushika sururu. Nikamwambia hapana. Ataishika tu, namjua.

Mkunga wetu yuko likizo ndefu, kwa hiyo nimezalisha pia. Mtoto wa kike. Salama.

Nimefika nyumbani saa kumi nikakuta viatu vya akala vya mama mkwe mlangoni. Nikageuka pale pale. Mkwe haingii nyumbani mama mkwe akiwa ndani, iwe kwetu Wajaluo au kwao Wakuria. Binti yangu Akinyi akanifuata mbio kuniambia nyanya amekuja na ameleta jogoo. Miaka minne, na habari zote za nyumba hii lazima azitangaze yeye.

Mkunga alituachia ufunguo. Mama atalala kwake, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nimemwona kwa mbali akivuka uwanja na mke wangu Bhoke. Amekonda mabega. Kanga yake imefungwa juu sana, karibu na matiti. Sikupenda vile ilivyofungwa.

Jumanne, 7 Juni

Bhoke ameniambia yote leo asubuhi, huku akimsuka Akinyi. Mama yake ana kitu tumboni, juu, chini ya mbavu. Alikigusa mara ya kwanza miaka miwili iliyopita, akanyamaza. Sasa akila matonge matatu anashiba. Akila la nne anatapika. Kwao, upande wa pili wa Ogwedhi, wanawake walianza kumuuliza kwa kejeli kama ana mimba. Mjane wa miaka hamsini na kitu. Akaacha kwenda sokoni.

Mwita, kaka yake Bhoke, ndiye aliyemlazimisha kuja. Alimwambia, una mkwe daktari Migori, unangoja nini?

Mimi si daktari. Ni msaidizi wa daktari, cheti kimeandikwa hivyo. Lakini hapa hakuna mwingine.

Nimezika watu wa ini. Huja wamevimba tumbo, macho ya manjano, na baada ya miezi michache hawapo. Saratani ya ini haina dawa, hapa wala Nairobi.

Naogopa. Nampenda sana mama huyu, ingawa katika miaka sita hatujawahi kutazamana usoni. Nilipotaka kumuoa Bhoke, ukoo wao wote ulikataa Mjaluo. Yeye peke yake alisema kutoka jikoni, kwa sauti ya kusikika: mwacheni, anamcheka mtoto wangu vizuri. Mpaka leo sijui alimaanisha nini. Lakini nilipewa mke.

Jumatano, 8 Juni

Leo nimempima mama mkwe bila kumwona.

Tumefunga kamba katika nyumba ya mkunga, tukatundika shuka. Yeye kitandani upande ule na Bhoke, mimi kwenye kigoda upande huu na daftari. Nikawa naongea na shuka.

"Mwambie alale chali, akunje magoti. Weka vidole vinne chini ya mbavu za kulia. Avute pumzi."

"Hapa hakuna kitu."

"Njoo katikati."

Bhoke, kwa sauti ndogo: "Ndiyo. Kiko hapa. Kikubwa. Kinaelekea kushoto."

"Akivuta pumzi kinashuka?"

"Kinashuka."

Basi ni ini. Nikaandika: ini, upande wa kushoto.

"Kigumu?"

"Hapana. Ni kama kiwele cha ng'ombe. Ukikandamiza kinanywea kidogo, ukiachilia kinajaa tena."

"Anaumwa ukikandamiza?"

Hapo mama mkwe akajibu mwenyewe, lakini kwa binti yake, si kwangu. "Mwambie siumwi. Mwambie pia anauliza maswali mengi kama karani wa kodi."

Nilicheka. Na yeye nilimsikia akicheka. Kisha nikaunga mpira wa stethoskopu na kipande cha mpira wa dripu ili ufike. Bhoke akaweka kile kisahani pale nilipomwelekeza. Nilitaka kusikia kama uvimbe una mvumo. Hauna. Nilisikia moyo tu, kwa mbali, taratibu. Nikakaa nikiusikiliza zaidi ya ilivyohitajika.

Hana homa. Macho meupe. Mkojo safi. Saratani isingemwacha miaka miwili. Nafikiri ni jipu la ini, lile la amiba. Hayo nayajua. Nimeyatoboa mengi.

Ijumaa, 10 Juni

Nimemwanzishia klorokwini, ile ya malaria, huua amiba wa ini pia. Bhoke anampa. Akinyi anakaa naye mchana kutwa, ameshajua kuhesabu mpaka kumi kwa Kikuria. Tuna lugha tatu katika nyumba hii: yangu, ya mke wangu, na Kiswahili cha kutupatanisha. Shajara imefuata hicho cha kupatanisha.

Jumatatu, 20 Juni

Siku kumi za dawa. Hakuna mabadiliko. Bhoke amepima tena kwa vidole, uvimbe ni ule ule. Mama anakula uji kidogo kidogo, kutwa nzima, kama kifaranga.

Nimeamua. Jipu lisilosikia dawa hutolewa kwa sindano. Unaingiza sindano ndefu, unavuta usaha wa rangi ya udongo, na mgonjwa anaamka kesho yake akiomba ugali. Nimeona hivyo mara nyingi. Ni furaha kubwa kuliko zote katika kazi yangu.

Lakini kitu hiki hakifanyiki nyuma ya shuka. Na siwezi kumwachia Bhoke sindano.

Jumatano, 22 Juni

Amekataa.

Nilikuwa nimechemsha sindano. Nimetandika meza. Nilimwambia Bhoke amfunike mama mwili wote, uso na yote, abakishe mahali padogo tu, pa kiganja. Sitaona uso wake wala hataona wangu. Bhoke akaenda. Akakaa huko muda mrefu. Akarudi peke yake.

Mama amesema: "Sindano hiyo anipige mtu mwingine yeyote. Mkwe wangu hapana. Tumbo hili ndilo limemzaa mke wake."

Nikamtuma tena. Jibu lile lile. Mara ya tatu akaanza kufunga mzigo wake.

Nimekasirika sana. Nimeyamwaga yale maji ya kuchemshia nje kwa nguvu, kuku wakatawanyika. Dawa ipo, mkono wa kuitia upo, na mtu anakufa kwa kuona haya.

Alhamisi, 23 Juni

Tumegombana, mimi na Bhoke. Nilimwambia mila zenu zitamuua mama yako.

"Zetu?" akasema. "Kwenu Sori mkwe hushika tumbo la mama mkwe?"

Kwetu Sori mtu kama huyo hangekaribishwa tena penye watu.

Sijasema naye tangu hapo. Ananiwekea chakula, nakula, natoka. Akinyi anatutazama kwa zamu.

Ijumaa, 24 Juni

Nimeandika barua kwa daktari wa hospitali ya misheni, upande wa Homa Bay. Ni mwanamke, Mzungu mwenye mvi, mpasuaji. Watu humwita Daktari Mama. Nimemweleza yote, hata shuka. Dereva wa kituo ameondoka nayo.

Nimemwomba Bhoke msamaha. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa, ila alisogea kwenye mkeka nikapata mahali pa kukaa. Nimechambua mchele naye mpaka ukaisha.

Jumanne, 28 Juni

Jibu lilikuja jana: mleteni. Leo tumemleta; nimechukua likizo yangu, na msaidizi wa zahanati ya jirani atanishikia kituo.

Mimi mbele na dereva. Mama, Bhoke na Akinyi nyuma, kanga imetundikwa katikati. Barabara mbaya baada ya mvua. Kila shimo, nilimsikia mama akivuta pumzi kwa meno. Hakulalamika. Penye shimo kubwa kuliko yote, Akinyi akapaza sauti: "Baba, nyanya anasema dereva wako amejifunzia kwa punda!"

Dereva alicheka mpaka akapunguza mwendo. Nafikiri ndicho mama alichotaka.

Alhamisi, 30 Juni

Daktari Mama amempima kwa mikono yake, dakika nyingi, macho amefumba. Amempiga picha ya eksirei baada ya kumnywesha dawa nyeupe kama uji. Akaniita niione picha. Tumbo la chakula limesukumwa pembeni, limebanwa kama mfuko chini ya jiwe. Ndiyo maana matonge matatu.

Kiswahili chake ni cha kanisani, kila neno limesimama peke yake. Amesema si jipu. Jipu lingempa homa, damu ingeonyesha. Inaweza kuwa saratani, lakini saratani haisubiri hivi. Inaweza kuwa mfuko wa maji wa minyoo ya mbwa, kwa sababu kwao ni watu wa ng'ombe na mbwa wengi. Au kitu kingine ambacho yeye amekisoma tu.

"Haiwezi kujulikana kwa nje," akasema. "Nitafungua, nione. Nikiona siwezi, nitafunga."

Nikamuuliza kwa nini asijaribu kwanza kwa sindano.

Akanitazama. "Sitii sindano katika kitu nisichokijua."

Nimeandika maneno hayo hapa kama alivyoyasema. Sijui kwa nini yamenikaa.

Jumamosi, 2 Julai

Mwita amefika. Ametembea na kupanda lori siku nzima. Yeye ndiye mkubwa tangu baba yao afariki, bila neno lake hakuna kisu. Na amekataa. Amesema anajua watu waliokatwa tumbo, hakuna aliyerudi kuchunga.

Mimi siwezi kubishana naye mbele ya wazee wawili aliokuja nao. Bhoke ndiye aliyesema. Alisimama na kusema kwamba mama analala ameketi, kwa sababu akilala chali kile kitu kinamziba pumzi. Kwamba ameficha jambo hilo wiki tatu, amemwambia binti yake tu. Hata mimi nilikuwa silijui.

Mwita akatoka nje. Akazunguka kisima mara mbili. Akarudi akaenda kumuuliza mama mwenyewe. Nilisikia jibu kupitia dirisha la wodi, kwa Kikuria, nikatafsiriwa baadaye.

"Nimechoka kubeba kitu ambacho hakitazaliwa. Wakitoe."

Mwita ametia kidole gumba kwenye karatasi. Wino umechafua kona.

Jumatatu, 4 Julai

Damu. Zinahitajika chupa mbili. Ya Bhoke hailingani. Ya Mwita inalingana; amelala kwenye benchi macho kwenye dari, amejaza chupa moja. Wale wazee wawili wamekumbuka ng'ombe wao, wameondoka.

Mimi damu yangu inamfaa kila mtu. Nesi aliniambia hivyo kama habari njema. Nikatoka nje nikamtafuta Bhoke nyuma ya jikoni la wagonjwa.

Siruhusiwi kula na mama mkwe sahani moja. Siruhusiwi kukalia kiti alichokalia. Na sasa damu?

Bhoke hakufikiri hata kidogo. "Toa. Nitamwambia mimi, akiamka."

Tumekubaliana na daktari yangu isubiri kwanza. Itatolewa kama chupa ya Mwita haitatosha.

Jumanne, 5 Julai

Nitaandika yote, ingawa mkono hauna nguvu.

Saa mbili asubuhi wamemwingiza. Alipopita ukumbini juu ya kitanda cha magurudumu, mimi nilikuwa nimegeukia ukuta. Nikasikia magurudumu yamesimama. Akamwambia Bhoke: "Mkwe amekula?" Bhoke akasema bado. "Mwambie ale." Magurudumu yakaendelea.

Daktari Mama alikuwa amenitengea gauni na kofia. Alisema wewe ni mtu wa kazi hii, njoo usaidie, utajifunza. Nilimshukuru, nikamweleza siwezi. Hakubisha. Ameishi huku miaka mingi.

Saa tatu. Saa tatu na nusu. Mwita anakata majani kwa fimbo. Bhoke amekaa chini, mikono mapajani.

Saa nne kasorobo nesi ametoka, barakoa mdomoni. Macho makubwa. Akaniambia: "Daktari anasema uje uone. Anasema kitu hiki hajawahi kukiona maishani, na wewe hutakiona tena. Uje mlangoni tu."

Niliinuka. Sitadanganya, niliinuka. Miaka tisa napima maini ya watu kwa vidole, nabahatisha. Hatua kumi mbele yangu palikuwa na jibu, limefunguliwa, lina taa juu yake. Nilifika mlangoni. Niliweka mkono kwenye kitasa. Nikamtazama Bhoke. Alinitazama tu, kana kwamba lolote nitakalofanya atalibeba pamoja nami.

Nikarudi nikakaa.

Dakika chache baadaye nesi yule yule ametoka mbio. "Chupa nyingine. Sasa."

Nililala kwenye benchi. Wakanifunga mkono. Nikaangalia damu yangu ikiteremka kwenye chupa, nyeusi kuliko nilivyodhani, na nikawa nakunja ngumi na kukunjua, kunja na kunjua, iende haraka. Walipoichukua bado ilikuwa na joto. Bhoke alinifunika na leso yake. Sijui kwa nini nililia. Sikuwa na maumivu.

Saa sita Daktari Mama ametoka. Viatu vyake vina damu. Ameketi kwenye benchi letu kama mtu aliyelima kutwa.

"Yuko hai," akasema. "Si saratani."

Mwita akaketi chini kwenye vumbi.

Jumatano, 6 Julai

Amefumbua macho. Ameomba maji. Wamempa kijiko.

Leo Daktari Mama amenieleza kwa karatasi na kalamu. Si jipu, si minyoo, si saratani. Ni uvimbe wa mishipa ya damu, mishipa iliyosokotana kama matundu ya sifongo, imejaa damu tupu. Jina lake hemanjioma. Mdogo huwa kwa watu wengi, wanaishi nao na kufa nao bila kujua, na haufai kuguswa. Mkubwa kama huu ni nadra. Wa mama ulikuwa kama kichwa cha mtoto, na bahati yake ni kwamba ulining'inia kwenye ncha ya kushoto ya ini kwa shingo nyembamba. Amefunga shingo, ameshona ini kwa nyuzi nene akizipitisha taratibu, kwa sababu ini hukatika kama jibini ukivuta. Kisha amekata. Mshono mmoja ulipasuka. Hapo ndipo damu ilipohitajika.

Ungekuwa katikati ya ini, angeuacha pale pale na kumfunga.

Halafu akasema, akikunja karatasi: "Ashukuriwe Mungu hakuna aliyeuchoma sindano. Damu isingesimama. Angekufa pale pale mezani."

Nilimwambia. Nilimwambia nilikuwa nimechemsha sindano. Nilikuwa nimetandika meza. Akaweka kalamu chini, kisha akasema kwamba na yeye mwenyewe, zamani, katika nchi nyingine, aliwahi kuchoma. Hakumaliza hadithi, na sikuiuliza.

Kiwele cha ng'ombe. Ukikandamiza kinanywea, ukiachilia kinajaa. Bhoke alinipa jibu siku ya kwanza, nikaliandika kwenye daftari, sikulisoma.

Nilimwambia Bhoke jioni. Kwamba mama yake amepona kwa sababu alinikataa. Kwamba hasira yangu yote ile ilikuwa hasira ya kumuua.

Akaniambia, "Na mimi ndiye niliyekuwashia jiko la kuchemshia." Akanishika mkono, pale palipotoka damu. Tumekaa hivyo mpaka kengele ya chakula cha wagonjwa.

Ijumaa, 8 Julai

Bhoke amemwambia kuhusu damu. Mimi nilikuwa nje, nimeketi chini ya dirisha.

Nikaanza kuhesabu mbao za ukuta.

Kisha mama akauliza: "Chupa nzima?"

"Nzima, mama."

"Ndiyo maana leo nimeamka nataka samaki."

Mama huyu hajala samaki maisha yake yote. Husema wananuka. Bhoke alianza kucheka, mama akamwambia asimchekeshe, nyuzi zinauma, na huku anacheka mwenyewe, anasema uwii, uwii, nimekuwa Mjaluo, nani ataniruhusu kurudi nyumbani.

Nimeenda ufukweni mwenyewe. Nimenunua ngege wawili wakubwa. Mpishi wa hospitali amewachemsha na chumvi bila mafuta, kama Daktari alivyoagiza. Amekula nusu ya mmoja. Ameomba mwingine awekwe.

Nampenda mama huyu. Nimeandika tayari. Naandika tena.

Jumapili, 10 Julai

Uvimbe uko maabara, ndani ya chupa kubwa ya formalini, dawa ya kuzuia kuoza. Kipande kimekwenda Nairobi kupimwa. Kila mfanyakazi wa hospitali ameshaenda kuutazama, hata mtu wa bustani. Mimi bado. Napita mbele ya mlango ule nikiangalia njia.

Sijui sheria ya jambo hili. Kilikuwa ndani ya mwili wake. Je, ni mwili wake? Nilimuuliza Bhoke, naye hajui. Mwita akasema wazee hawajawahi kuulizwa swali kama hilo.

Bhoke akamuuliza mwenye mwili. Mama alikuwa anamlisha Akinyi ndizi. Amejibu bila kugeuka.

"Mwambie akaangalie. Hicho si mimi."

Nimeenda baada ya ibada. Nimekaa peke yangu mbele ya chupa. Ni kitu cha zambarau iliyokolea, chenye vinundu, kimesinyaa baada ya damu kutoka. Pale kilipokatwa kimejaa matundu. Hakitishi. Nimechora picha yake kwenye daftari la kazi, na chini nimeandika dalili zote, moja baada ya nyingine: laini, hakiumi, hana homa, miaka miwili, hunywea na kujaa. Na mwisho kwa herufi kubwa: USICHOME.

Nitanakili karatasi hiyo kwa kila mtu wa zahanati ninayemjua, Migori mpaka Sori.

Alhamisi, 21 Julai

Nyuzi zimetolewa juzi. Leo mama na Mwita wanaondoka. Mwita amepata lori la mifugo linalorudi tupu upande wa Ogwedhi, ametandika majani mengi nyuma.

Kabla hawajaondoka nilimwomba Bhoke atundike kanga kwenye mlango wa wodi. Nilisimama upande huu. Nilikuwa nimejiandaa maneno mengi.

Nikasema, "Mama, nilitaka kukuchoma sindano. Ningekuua. Nisamehe."

Ni mara ya kwanza kumwambia neno moja kwa moja. Nikasikia akivuta pumzi.

"Mkwe," akasema. "Ulitaka nipone. Na mimi nilitaka nisikuonee haya. Tumepata yote mawili. Sasa ondoka hapo mlangoni, watu wanataka kupita."

Nikaondoka. Lori likatoka. Akinyi alipunga mkono mpaka vumbi likatua.

Jumatatu, 15 Agosti

Barua ya Daktari Mama imefika, na ndani yake majibu ya Nairobi. Hemanjioma. Hakuna saratani popote katika kipande. Haitarudi, kwa kadiri watu wanavyojua. Chini ameandika kwa mkono: karatasi yako ya dalili nimeibandika katika chumba cha wagonjwa wa nje.

Nimeisoma mara tatu. Halafu nimerudi kwenye foleni. Malaria, jeraha, malaria, mjamzito, malaria. Mzee mmoja kutoka Masara ana ini kubwa, gumu, lenye kona. Macho ya manjano. Hilo nalijua vizuri. Nimemshika mkono muda mrefu kabla ya kumwambia mwanawe.

Jumapili, 28 Agosti

Tumekwenda kwao, sote watatu. Tulipokaribia boma, mama alikuwa anapepeta wimbi uani. Alipotuona akaweka ungo chini, akapita nyuma ya ghala polepole, akiwa amenyooka. Kanga imefungwa kiunoni.

Nilikula kwa Mwita. Kuku na ugali wa wimbi. Alinionyesha ndama wawili. Hatukuzungumza habari za hospitali. Mchana nikasinzia kwenye kiti. Nilisikia Bhoke na mama yake jikoni, sauti zao mbili, sikuelewa hata neno, na Akinyi akichanganya lugha zote kwa mpigo.

Tumerudi na mvua nyepesi. Akinyi amelala mgongoni kwangu tangu njia panda. Bhoke mbele, na kikapu cha wimbi kichwani, anaimba kitu cha kwao chini chini. Mkunga ameanza kazi tena wiki hii, kwa hiyo kesho nitaingia saa mbili badala ya saa moja.

Nimetundika mashati ndani yakauke. Mvua bado inanyesha.